Nyongo ya Johari

“Bakuli tupu! Umeniletea bakuli tupu, halafu unaniambia nitulie?”

Bertha alikuwa amekishika kile kitambaa cha kijani kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyefunua chungu cha mboga akakuta panya. Bakuli la chuma lilikuwa bado mikononi mwa Goreti. Ndani yake hamkuwa na kitu ila michirizi ya damu na kipande cha pamba kilicholowa.

“Sikukwambia utulie, mama. Nimekwambia unisikilize.”

“Nilikusikiliza asubuhi. Asubuhi ulisema nini? Si ulisema, mama, tukishakitoa hicho kifuko cha nyongo nitakuletea hapa hapa mlangoni, mawe yake utayahesabu mwenyewe? Ulisema mbele ya watu hawa. Jamani, hakusema?”

Benchi zima la nje ya chumba cha upasuaji likatazama chini. Mzee mmoja wa Nambambo, ambaye mapema asubuhi ile alikuwa ameonyeshwa uvimbe uliotolewa tumboni mwa mkewe, akakohoa.

“Kusema alisema,” akatamka.

“Asante, baba,” Goreti akamjibu, na si kwa wema.

Alikuwa amesimama tangu saa kumi na mbili asubuhi, siku ya nne mfululizo, kwa sababu mwenzake alikuwa likizo ya uzazi na yule aliyeahidiwa kuja kumsaidia hakuwa ameonekana. Vifundo vya miguu vilikuwa vimemvimba. Alitamani kuketi popote, hata sakafuni, hata kwenye ngazi.

Desturi ya bakuli ilikuwa yake mwenyewe. Miaka kumi na sita iliyopita, alipofika katika hospitali hii ya misheni na stashahada yake ya uuguzi, alikuta watu wananong’ona kwamba ukipasuliwa pale hujui kilichobaki tumboni na kilichokwenda. Goreti hakupenda minong’ono. Akaanza kutoka na kila kilichokatwa, kiwe kidole tumbo, kiwe uvimbe, kiwe mawe, amekifunika kwa kitambaa, akawafunulia ndugu mlangoni: hiki hapa, tazameni, sasa nendeni mkalale. Minong’ono ikaisha. Watu wa Nachingwea na wa Ruangwa wakazoea kwamba kwa sista Goreti unaona kwa macho yako. Na mkono wake nao ukazoea. Leo, Daktari Maximilian alipofunga uzi wa mwisho, na Protasi, mhudumu wao, akasema ndugu wanauliza, Goreti alichukua bakuli, akalifunika, akausukuma mlango kwa nyonga. Alikumbuka kwamba halina kitu akiwa ameshafika nje na kitambaa kimeshashikwa.

“Mama,” alisema, “nilikosea kutoka na bakuli. Hakuna kilichotolewa. Johari hana kifuko cha nyongo. Hakuzaliwa nacho. Daktari amefungua, ametafuta kila mahali, hakipo.”

“Hata kuku ana nyongo, nesi.”

“Najua.”

“Mbuzi anayo. Ng’ombe anayo. Kambale wa kwetu ziwani anayo, ukiipasua kwa bahati mbaya mboga yote inamwagwa. Mkwe wangu tu ndiye hana?”

“Njiwa hana.”

Mtu mmoja kwenye benchi alicheka kwa puani. Bertha akageuka polepole kumtafuta aliyecheka, kisha akamrudia Goreti. Alikuwa mama mrefu, mkavu, wa wale wafugaji waliohamia Mkotokuyana na ng’ombe wao kutoka upande wa Ziwa Victoria miaka minne nyuma, na hakuwa na haja ya kupandisha sauti ili asikike.

“Kwa hiyo mwanangu ameoa njiwa.”

“Sikusema hivyo.”

“Umesema. Sasa na mimi niseme langu. Huko Ruangwa kuna watu wanachimba dhahabu, na watu hao wana dawa zao, na dawa zao zina vitu vyake. Sitaki kuendelea.”

“Endelea tu.”

“Nimemaliza.”

Goreti alirudi ndani, akaweka bakuli kwenye sinki na kufungua maji. Kupitia mlango wa pili alimsikia Daktari Maximilian akimwambia mama mjamzito avute pumzi. Walikuwa wamemletea upasuaji mwingine kabla hajanywa hata chai. Alikuwa kijana, mwaka wa pili tangu aanze kupasua peke yake. Leo alikuwa ameliinamia tumbo la Johari kwa karibu saa mbili. Altrasaundi ilisema kifuko kimenywea na kimejaa mawe. Akainua ini, akatazama chini yake, akatazama kushoto, akapapasa ndani ya ini lenyewe. Hakuna. Kilichoonekana kwenye picha kama mawe kilikuwa kipande cha utumbo chenye hewa. Mwishowe akasema, “Sista, nikiendelea kuchokonoa nitakata mrija. Haya mambo nimeyasoma kitabuni tu. Tufunge.” Na Goreti, aliyeona madaktari wengi wasiojua kuacha, alimheshimu kwa neno hilo.

Protasi alikuja kusimama karibu naye, ndoo mkononi.

“Sista, yule mama hatatoka pale mlangoni.”

“Namwona.”

“Kwenye kabati kuna ile chupa ya wanafunzi. Ile nyongo ya yule bibi, yenye mawe saba. Tumwoneshe hiyo, aende zake. Nani atajua?”

“Mimi nitajua, mpumbavu wewe. Kamwage hayo maji.”

Protasi akaenda kumwaga maji. Lakini neno lake lilibaki pale kwenye sinki.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne na Jumatano Bertha hakumsemesha Goreti. Alitandika mkeka chini ya dirisha la wodi ya wanawake, akawa anapika uji kwenye jiko la nje la ndugu wa wagonjwa, anamnywesha mkwewe kijiko kwa kijiko, anamfuta uso, anamsaidia kugeuka. Goreti alipokuja kubadilisha bandeji, Bertha alisimama upande wa pili wa kitanda na kuvitazama vidole vyake, kimoja kimoja, kana kwamba kimojawapo kingeweza kuondoka na kitu.

Johari alikuwa na miaka ishirini na mitatu na watoto wawili aliowaacha bomani. Maumivu yalimwanza baada ya mtoto wa kwanza: chini ya ubavu wa kulia, yakipanda hadi begani, hasa akila kitu chenye samli. Mara moja macho yake yaliwahi kugeuka manjano kwa wiki nzima. Jumatano, Bertha alipokwenda kuchota maji, alimwuliza Goreti kwa sauti ndogo.

“Sista, mama anasema mmeniibia.”

“Na wewe unasemaje?”

“Mimi nilikuwa nimelala.”

Goreti alicheka, kicheko cha kwanza kwa siku kadhaa, kisha akajuta maana Johari naye alicheka na mshono ukamchoma.

Alhamisi mchana Daktari Maximilian alimwita ofisini. Alikuwa amepiga simu Mtwara. Kule kuna mashine inayoonyesha mirija ya nyongo bila kumchana mtu, na daktari mwenzake amekubali kumpokea. “Maumivu yake ni ya kweli,” alisema akisugua macho. “Huenda jiwe limekaa kwenye mrija wenyewe, huenda mrija unakaza tu. Likiwa jiwe, likaziba siku moja, ini linaharibika, na sisi hapa hatuna la kufanya. Gari la wagonjwa linakwenda kesho saa tano na yule kijana aliyeumia mgongo. Mahali pa mgonjwa mmoja pamebaki. Ila unajua utaratibu.”

Goreti aliujua, maana ndiye aliyekuwa akiusimamia. Hakuna mgonjwa wa rufaa anayepanda gari bila ndugu wa kumsindikiza. Huko mbali nani atamnunulia dawa, nani atamlisha, nani atasaini?

Jioni ile ile, akipita dirishani, alimsikia Bertha kwenye simu. Alikuwa akiongea Kisukuma, lakini baadhi ya maneno hayana tafsiri: Mkotokuyana. Mbekenyera. Pikipiki. Johari ndiye aliyemfafanulia, macho yakiwa darini.

“Baba mkwe anakuja kesho saa nane. Anakuja na pikipiki mbili. Kuna mganga Mbekenyera anayerudisha vitu vilivyochukuliwa.”

“Na mume wako?”

“Methusela yuko na ng’ombe. Simu yake haishiki huko.”

Goreti aliitazama bandeji. Mwaka uliopita mama mmoja alitolewa wodini hivyo hivyo, siku ya tano, akakalishwa kwenye pikipiki kati ya dereva na shemeji yake. Barabara ya Mbekenyera ina mawe na mashimo hadi unafika. Walimrudisha machweo, mshono umeachia wote. Goreti alikuwa ameushikilia utumbo wa yule mama kwa vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi, daktari akinawa mikono. Alifariki kabla hawajampa dawa ya usingizi. Alikuwa mwembamba kama Johari.

Basi Ijumaa asubuhi Goreti alipoingia kazini alikwenda moja kwa moja kabatini, akaichukua ile chupa, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake na kuitia mfukoni. Protasi alimwona. Akainama upesi kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Goreti hakuwa na hasira tena, wala hakuwa na hoja. Alikuwa amechoka, basi. Ampe huyu mama anachotaka, pikipiki zigeuze, Johari alale kitandani mwake siku kumi apone mshono. Hayo mengine yatajulikana huko mbele, na mtu mwingine.

Alimkuta Bertha kwenye jiko la ndugu, amechuchumaa, anakoroga uji. Hakukuwa na mtu mwingine. Dirisha la wodi lilikuwa hatua tatu nyuma yake, wazi.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Mwiko haukusimama.

Goreti akaketi kwenye kinu kilichogeuzwa, bila kukaribishwa. Mkono ulikuwa mfukoni, kwenye chupa.

“Mzee anakuja leo.”

“Anakuja.”

“Mtamwua huyu mtoto, mama. Nakwambia bila kuzungusha. Mshono wa siku nne haupandi pikipiki.”

“Na mimi nakwambia bila kuzungusha,” Bertha alisema, akaweka mwiko juu ya sufuria. “Unadhani mimi napenda kutazama uchafu uliotoka tumboni mwa mtu? Unadhani ndicho kinachonikesha? Kule bomani wanaume wote walisema mganga. Wote. Mimi peke yangu nikasema hospitali. Wakacheka. Nikamwambia mzee, nipe siku chache, nitakuletea hayo mawe kwenye chupa, niyaweke mbele yako uyashike. Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu nilikuja kliniki mwezi uliopita, ukaniambia wewe, kwa mdomo wako huo, kwamba hapa watu wanaonyeshwa. Nikaamini. Nimelibeba neno lako hadi kwa mume wangu kama langu. Sasa nikirudi mikono mitupu, nimekwisha. Si kwa Johari tu. Kesho mjukuu akiharisha damu, keshokutwa mimba ya mtu ikikaa vibaya, nikisema hospitali nani atanisikiliza? Wataniambia, ile hospitali yako ya bakuli?”

Uji ukafuka, ukataka kumwagika. Bertha akausogeza bila kuutazama.

Siku nne Goreti alikuwa amefikiri anagombana na mtu anayedhani ameibiwa. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi huo. Maneno yake yote yalikuwa ya ugomvi huo. Akaitoa chupa mfukoni na kuiweka chini, kati ya mawe ya jiko na mguu wa Bertha.

“Hii si ya Johari,” alisema.

Bertha aliiokota, akaiinua juu kwenye mwanga, akaigeuza. Mawe saba yakagongana ndani, tik, tik.

“Najua si yake. Mimi nimeshika matumbo ya ng’ombe tangu sijaota maziwa. Nyongo mbichi ina rangi ya majani. Hii imepauka kama sabuni. Imelala kwenye dawa miaka mingapi?”

“Tisa.”

“Ulitaka kunipa?”

“Nilitaka kukupa.”

“Kwa nini?”

“Nimechoka, mama.”

Bertha alimtazama, mara ya kwanza tangu Jumatatu akimtazama usoni badala ya vidoleni.

“Hili ndilo neno la kweli uliloniambia.”

“Na lile la kwanza lilikuwa la kweli vilevile. Hana kifuko.”

“Mzee wangu haoni vizuri,” Bertha alisema. Chupa ilikuwa bado mkononi mwake. “Huyu angeamini. Angeyahesabu kwa kidole, saba, akawaita wenzake.”

“Angeamini. Halafu? Mwezi ujao Johari akiushika ubavu tena utamwambia nini? Mawe umeshaleta. Umeshashinda. Watasema anajidekeza, au watasema amerogwa, na hapo hutakuwa na neno lolote. Daktari anataka aende Mtwara, leo, kwenye mashine nyingine. Ukirudi na mawe hakuna atakayemruhusu. Nani anampeleka Mtwara mtu aliyepona?”

“Maumivu yatarudi?”

“Sijui. Daktari naye hajui. Ndiyo maana anataka aende.”

Bertha akaiweka chupa chini, mbali kidogo na moto.

“Hebu niambie tena. Si kama ulivyonifokea siku ile. Niambie kama unamwambia mtu.”

Goreti akavuta pumzi. Mgongo ulimwuma. Aliangalia tenki jeusi la maji lililokaa juu ya mnara wake pembeni ya wodi, akaona hakuna haja ya kwenda mbali.

“Nyongo anayo. Ini ndilo linalotengeneza, na ini lake ni zima, daktari ameliona. Sisi wengine nyongo ikitoka kwenye ini inakwenda kwanza kwenye kifuko, inakaa hapo kama maji kwenye tenki lile, mtu akila nyama ndiyo inafunguliwa. Johari hana tenki. Bomba lake linatoka kwenye ini moja kwa moja hadi utumbo. Watu kama yeye wapo, wachache sana, na wengine wanazeeka bila kujua. Hakuna aliyemfanyia kitu. Alivyoumbwa ndivyo alivyo.”

“Na mtu mwenye bomba bila tenki,” Bertha alisema taratibu, “bomba likiziba?”

“Ndiyo hapo.”

“Hana akiba.”

“Na nyongo haina pa kukaa. Inamrudia mwenyewe, anageuka manjano.”

“Kama ile wiki.”

“Kama ile wiki.”

Bertha akaigeukia sufuria. Alichota uji kwenye kikombe, akapuliza, akaonja, akaongeza sukari. Kisha akainuka na kuingia wodini, na Goreti akamfuata, maana ni wodi yake.

Johari alikuwa ameketi, amejiegemeza kwenye mito miwili, mkono juu ya bandeji. Uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeamka sasa hivi.

“Dirisha liko wazi,” alisema. “Nimesikia yote. Siku nne nasikia. Mlangoni nyongo yangu, jikoni nyongo yangu, kwenye simu nyongo yangu, kama ya mbuzi wa sikukuu. Mimi nitaulizwa lini?”

Goreti akasogea kitandani. Alikuwa ameeleza hali ya mgonjwa huyu kwa benchi zima, kwa Protasi, kwa mama mkwe. Kwa mwenye tumbo alikuwa ametoa kicheko kimoja Jumatano.

“Nakuuliza sasa,” alisema. “Unataka nini?”

“Nataka kwenda huko kwenye mashine. Nikipanda pikipiki na hili tumbo nitamwaga utumbo barabarani, hata sihitaji nesi kunieleza. Na sitaki kupasuliwa tena na mtu anayetafuta kitu ambacho hakipo. Niandikieni karatasi niwe natembea nayo, kwamba huyu hana, msihangaike.” Alinyamaza kupisha maumivu. “Lakini wodini wanasema gari halimchukui mtu bila ndugu. Ndugu yangu hapa ni mmoja.”

Akamtazama Bertha. “Mayu,” alisema. Hivyo ndivyo kwao wanavyomwita mama.

Bertha alimpa kikombe cha uji mikononi, akahakikisha amekishika sawasawa, na akatoka nje bila kujibu.

Goreti alikwenda kuandika. Hakuwa na muda wa kusubiri majibu ya watu; kama gari lingeondoka bila Johari, barua ingebaki kwenye faili, basi. Aliandika kwa herufi kubwa ili asome hata daktari mwenye haraka: KIFUKO CHA NYONGO HAKIPO TANGU KUZALIWA. IMETHIBITISHWA KWA UPASUAJI. Daktari Maximilian akasaini na kugonga muhuri kwenye nakala mbili, moja ya Mtwara na moja ya Johari mwenyewe. Chini palikuwa na mstari wa jina la msindikizaji. Goreti akauacha wazi.

Saa tano kasoro robo Titus, dereva, alirudisha gari nyuma hadi mlango wa wodi. Kijana wa mgongo akaingizwa kwanza, na kaka yake. Goreti na Protasi wakamleta Johari kwenye machela, kwa matumaini tu, na wakamweka kivulini. Mkeka wa chini ya dirisha haukuwepo. Jikoni moto ulikuwa umemwagiwa maji. Ile chupa ilikuwa imewekwa kwenye dirisha la ofisi, peke yake.

“Ameondoka,” Protasi alisema. “Amekwenda kumpokea mzee barabarani.”

“Nyamaza.”

“Sista, mimi nasema tu.”

“Na mimi nasema tu.”

Titus alitoa kichwa nje. Alisema atapitia Ruangwa hadi Nanganga, kwenye lami, ili wagonjwa wasirushwe, lakini ni lazima waondoke sasa. Je, huyu mgonjwa ana mtu au hana?

Bertha alitokea upande wa bombani. Alikuwa ameoga, amejifunga khanga safi, mkeka umekunjwa kwapani na sufuria, kikombe na mwiko vimefungwa ndani ya shuka kichwani. Simu ilikuwa inaita ndani ya khanga, na hakuishughulikia.

“Hiyo karatasi imeandikwa jina langu?” aliuliza.

“Bado.”

“Unangoja nini? Bertha Masumbuko. Umri weka wowote.”

Goreti aliandika akiegemeza faili kwenye ubavu wa gari. Bertha akaweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza, akakifuta kwenye khanga yake safi bila kujali. Wakamwinua Johari wakamlaza. Bertha akaingiza furushi, kisha akapanda mwenyewe, akaketi chini karibu na kichwa cha mkwewe, miguu kainyoosha.

“Mzee utamwambia nini?” Goreti aliuliza.

“Sijui. Nikirudi sasa nitaongea na hasira yake. Nikirudi na majibu ya Mtwara nitaongea naye.”

Simu ikaita tena. Safari hii aliitoa. Sauti ya mwanamume ilisikika hadi nje, nene, yenye upepo na mlio wa injini nyuma yake: wako Nachingwea mjini, wamewahi, wanatia mafuta, wamtayarishe mgonjwa. Bertha alisikiliza hadi mwisho. Alijibu kwa Kiswahili, pengine ili kila mtu pale awe shahidi.

“Hamtatukuta, baba Methusela. Tumeshaondoka. Tunakwenda Mtwara.”

Gari lilikuwa limesimama palepale. Sauti ya simu ikapanda. Bertha akaifunika kwa kiganja, akamgeukia Titus.

“Wewe kijana, washa gari. Unataka nionekane mwongo?”

Goreti alifunga mlango wa nyuma, akaupiga kwa kiganja mara mbili, na Titus akaondoa gari.